Mlango Kati ya Kompyuta na Mfuko: Historia ya MP3 na Vicheza Muziki vya Mkononi

Historia ya vicheza muziki vya mkononi imezoeleka kuandikwa kama historia ya vyombo vyenyewe: Walkman ya Sony iliyotoka Japani mwaka 1979, iPod ya Apple iliyotangazwa mwaka 2001, kisha simu iliyovimeza vyote viwili. Uandishi wa namna hiyo una wepesi wake, kwa kuwa chombo hushikika, hupigwa picha na huwekwa katika makumbusho, lakini huyaacha gizani mambo mawili ambayo bila hayo vyombo vya kidijitali visingekuwa na kazi. La kwanza ni kodeki, yaani utaratibu wa kihesabu unaopunguza wingi wa data ya sauti wakati wa kuihifadhi na kuirudisha kuwa sauti wakati wa kuisikiliza. La pili ni programu-wenza, yaani ile programu inayokaa katika kompyuta, ikazipanga nyimbo na kuzipeleka kwenye kicheza kwa waya. Kodeki imepata wanahistoria wake. Programu-wenza imeachwa kama kero tu ya watumiaji, ingawa karibu ugomvi wote mkubwa wa miaka ya 1998 hadi 2009, baina ya kampuni za muziki, watengenezaji wa vyombo na wasikilizaji, ulikuwa ugomvi wa nani ashike ufunguo wa mlango ulio kati ya kompyuta na mfuko wa suruali.

Chimbuko la kodeki iliyoyazaa haya yote liko Erlangen, mji wa kusini mwa Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Profesa Dieter Seitzer wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg alikuwa na wazo la kupeleka muziki kwa njia ya simu, hasa kwa mtandao mpya wa simu wa kidijitali uliokuwa ukiandaliwa Ulaya, ambao waya wake mmoja ungepitisha biti 64,000 kwa sekunde. Alipoomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mkaguzi wa serikali alimkatalia kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Hoja ya mkaguzi haikuwa ya kipuuzi. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, na huifanya kazi hiyo kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha, unapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde, na wimbo wa dakika nne unafikia baiti milioni 42. Kuupitisha mzigo huo katika waya wa simu kulihitaji kutupa zaidi ya tisa ya kumi ya data bila sikio kugundua. Kazi hiyo Seitzer alimkabidhi mwanafunzi wake Karlheinz Brandenburg, aliyeifanya kuwa mada ya shahada yake ya uzamivu na kuikamilisha mwaka 1989.

Kilichomwezesha Brandenburg ni maarifa ya zamani kuhusu sikio zaidi kuliko kuhusu kompyuta. Mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga nafaka hasikiki, na hasikiki si kwa sababu mnong'ono haupo hewani, bali kwa sababu sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kimasafa au kiwakati. Kodeki ya namna hii huikata sauti katika vipande vidogo, ambavyo katika MP3 kila kimoja hubeba vipimo 1,152 na hudumu kwa takriban milisekunde 26, ikakichambua kila kipande kwa masafa yake, ikakadiria ni sehemu zipi zimefunikwa na nyingine, kisha ikazigawia biti nyingi sehemu zinazosikika na chache, au hata sifuri, zile ambazo sikio lisingezikamata. Kosa la ukadiriaji halitoweki. Hufichwa chini ya kivuli cha sauti yenyewe. Ndiyo maana kodeki hizi huitwa za upotevu: kilichotupwa hakirudi, hata faili ikigeuzwa tena kuwa CD.

Kivuli hicho kina mipaka, na waliokifanyia kazi waliijua mipaka hiyo kwa majina ya rekodi. Kastaneti, vile vibao vidogo ambavyo wacheza ngoma wa Hispania huvigonganisha kiganjani, zilikuwa adui mkubwa, kwa sababu mlio wake hutokea ghafla baada ya kimya, na makosa ya hesabu husambaa katika kipande kizima, hivyo msikilizaji husikia kelele kama ya mchanga kabla ya kibao kugonga. Dawa iliyopatikana ni kuvikatakata vipande vifupi zaidi pale mlio wa ghafla unapobainika, na kuweka akiba ya biti kutoka vipande vyepesi ili zitumike katika vizito, mfano wa mkulima anayeweka debe moja la mahindi kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Adui mwingine alikuwa sauti ya mwanamke mmoja isiyo na chombo chochote nyuma yake. Brandenburg alisoma katika jarida la vyombo vya muziki kwamba wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega ulitumika kujaribia spika. Alipoupitisha katika kodeki yake, uliharibika vibaya kuliko muziki wa okestra nzima, kwa kuwa sauti tupu haina kivuli cha kutosha cha kuficha makosa. Aliusikiliza mara nyingi mno akirekebisha hesabu zake, na ni haki kusema kwamba masikio ya nusu ya dunia yamepimwa kwa koo la Vega.

Kutoka maabara hadi kiwango cha kimataifa kulikuwa na njia ndefu, na siasa zake zimeacha alama ndani ya kodeki yenyewe. Mwaka 1988 mhandisi wa Italia Leonardo Chiariglione, pamoja na Hiroshi Yasuda wa Japani, waliunda MPEG, jopo la wataalamu lililopewa kazi ya kuweka kanuni za pamoja za picha na sauti za kidijitali. Mapendekezo ya sauti yalikuwa 14, yakaunganishwa hadi yakabaki makundi machache, na mawili ndiyo yaliyopambana kwa dhati: MUSICAM, iliyoungwa mkono na Philips na taasisi za utangazaji za Ulaya, na ASPEC, ya taasisi ya Fraunhofer ya Erlangen, maabara za Bell za Marekani ambako James Johnston alikuwa amefanya kazi kama ya Brandenburg, na kampuni ya Thomson. Majaribio ya usikilizaji yalifanyika Stockholm. MUSICAM ilisifiwa kwa wepesi wake, ASPEC kwa ubora wake biti zinapokuwa chache, na jopo likaamua kama wazee wa baraza wanavyoamua kesi ya mpaka: kila upande upate kitu. Kiwango kilichokamilika mwaka 1992 kilikuwa na matabaka matatu. La 2 lilikuwa MUSICAM kwa kiasi kikubwa, na la 3 lilikuwa ASPEC iliyolazimishwa kubeba ndani yake chujio la masafa la mpinzani wake, jambo ambalo wahandisi wa Erlangen hawakulipenda, na ambalo liliifanya hesabu yake kuwa nzito bila sababu ya kisayansi. Muungano huo wa kulazimisha, tabaka la 3 la sauti la MPEG, ndio ulioitwa MP3.

Ushindi wa awali haukuwa wa MP3. Tabaka la 2 lilichukuliwa na redio na televisheni za kidijitali pamoja na Video CD, na tabaka la 3 likabaki na sifa ya kuwa gumu mno kwa mashine za wakati huo. Fraunhofer iliuza programu yake ya kusimba, yaani ya kuigeuza sauti kuwa MP3, iliyoitwa L3Enc, kuanzia mwaka 1994. Tarehe 14 Julai 1995 wahandisi wake walikubaliana kwa kura ya ndani kwamba majina ya faili zao yaishie na .mp3, na Septemba mwaka huohuo wakatoa WinPlay3, programu iliyoweza kuicheza MP3 kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows papo kwa papo. Hesabu ya wakati huo inaeleza mengi. Kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne uliotolewa kwenye CD ulihitaji zaidi ya saa tatu kupita katika simu. Uleule, ukisimbwa kwa biti 128,000 kwa sekunde, ulihitaji dakika 18. Mtu angeweza kuuacha ukipakuliwa, akala chakula cha jioni, akaukuta.

Mpango wa kibiashara wa Fraunhofer ulikuwa programu ya kusikilizia igawiwe kwa bei nafuu na ya kusimbia iuzwe ghali kwa kampuni. Mpango huo uliporomoka pale mwanafunzi mmoja wa Australia aliponunua programu ya kusimba kwa kadi ya benki iliyoibwa, akaifungua, akaivisha sura mpya na kuisambaza bure. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuyarudisha maji kwenye mtungi. Mwaka 1997 kijana wa Marekani Justin Frankel na mwenzake Dmitry Boldyrev walitoa Winamp, kicheza kidogo chepesi chenye vitufe kama vya redio kaseti; mwaka 1998 ikaanza LAME, kazi ya hiari ya watengeneza programu waliorekebisha msimbo wa mfano wa kiwango hicho hadi ukaizidi programu ya wavumbuzi wenyewe kwa ubora wa sauti. Mwaka huohuo Fraunhofer ilianza kuwaandikia watengenezaji wa programu za bure barua za kudai ada ya hataza, na barua hizo, bila kukusudia, zikazaa mshindani: Chris Montgomery wa Marekani aliharakisha kazi ya kodeki isiyo na hataza, Vorbis, iliyofika toleo lake la kwanza kamili Julai 2002. FLAC ya Josh Coalson, ambayo haitupi chochote na hivyo hubana hadi karibu nusu tu, ilikamilika mwaka mmoja kabla yake. Zote mbili zilikuwa bora kuliko MP3, kila moja kwa njia yake, na zote mbili hazikuitikisa.

Kicheza cha kwanza cha MP3 kilichofika sokoni kilitoka Korea Kusini mwaka 1998, kikaitwa MPMan, lakini kilichoingia mahakamani, na kwa hiyo katika historia, ni Rio PMP300 ya kampuni ya Diamond Multimedia ya Marekani. Kilitoka mwishoni mwa mwaka huo kwa bei ya takriban dola 200, kilitumia betri moja ndogo, na memori yake ya megabaiti 32 ilitosha nusu saa ya muziki, yaani upungufu hata ukilinganishwa na upande mmoja wa kaseti ya dakika 90. Chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kilishtaki ili kikizuie kisiuzwe, kikitegemea sheria ya mwaka 1992 iliyotaka kila chombo cha kurekodi muziki wa kidijitali kiwe na kizuizi cha nakala na kilipiwe tozo. Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi Juni 1999, na uamuzi wenyewe una ladha ya wanasheria: Rio hairekodi kutoka kwenye muziki, inarekodi kutoka kwenye diski ya kompyuta, na diski ya kompyuta, kwa kuwa ina barua, michezo na hesabu za duka pamoja na nyimbo, si rekodi ya muziki kwa maana ya sheria hiyo. Mahakama iliona pia kwamba kuuhamisha wimbo ambao mtu anao tayari ili ausikilize mahali pengine ni matumizi binafsi yanayokubalika.

Uamuzi huo una jambo ambalo wasomaji wengi wameliruka. Majaji walieleza kwamba Rio yenyewe haiwezi kuurudisha wimbo kwenye kompyuta wala kuupeleka kwenye chombo kingine. Mlango ulikuwa wa upande mmoja: programu-wenza iliingiza nyimbo, na hakuna kilichotoka. Watengenezaji waliofuata waliona katika sifa hiyo kinga ya kisheria, na kampuni za muziki ziliona ndani yake nafasi ya mwisho. Zikiwa zimeshindwa kukipiga marufuku chombo, zikageukia mlango.

Kazi ya kuuwekea mlango kufuli ilipewa umoja wa kampuni za muziki na za elektroniki ulioitwa SDMI, ulioanzishwa katika majira yaleyale ya kesi ya Rio, na aliyepewa uongozi wake wa utendaji hakuwa mwingine ila Chiariglione, mtu yuleyule aliyeitisha jopo lililoizaa MP3. Fundi aliyejenga nyumba akaajiriwa kuweka nondo madirishani baada ya watu kuhamia. SDMI ilitaka kila wimbo uwe na alama ya siri isiyosikika, na kila kicheza kiikague alama hiyo kabla ya kukubali kucheza. Septemba 2000 umoja huo ulitoa changamoto hadharani kwa yeyote awezaye kuziondoa alama zake. Kundi la Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton likaziondoa, likatishiwa kisheria lilipotaka kuchapisha matokeo, na mwaka 2001 SDMI ikaahirisha shughuli zake bila kuzirudia.

Sony, hata hivyo, ilikuwa imeshajenga kwa ramani ya SDMI. Kampuni iliyoipa dunia Walkman ilikuwa pia na studio, wanamuziki na mikataba, na mgongano huo wa maslahi ndani ya nyumba moja unaonekana katika vicheza vyake vya kidijitali vilivyotoka kuanzia mwaka 1999. Vilikuwa vidogo, vizuri, vyenye betri inayodumu, lakini vingi havikuijua MP3. Vilijua ATRAC3 tu, kodeki ya familia iliyotengenezwa kwa ajili ya MiniDisc. Mmiliki wa faili za MP3 alilazimika kuziingiza katika programu-wenza, ambayo kwanza iliitwa OpenMG Jukebox na baadaye SonicStage, ikazisimba upya moja baada ya nyingine huku kila usimbaji ukipoteza kitu kingine juu ya kile kilichokwisha kupotea. Kisha ikaja desturi ya kutoa na kurudisha, iliyofanana na kuazima kitabu maktaba: wimbo uliweza kutolewa kwenda kwenye vicheza mara tatu, na nafasi zikiisha, sharti nakala moja irudishwe kwenye kompyuta ileile iliyoitoa ndipo nyingine itoke. Kompyuta ikiharibika, nafasi zilipotea pamoja nayo. Ni mwishoni mwa mwaka 2004 tu ndipo Sony ilipokubali vicheza vyake vicheze MP3 moja kwa moja, na wakati huo kiti chake kilikuwa kimekaliwa.

Aliyekikalia alianza na programu, si na chombo, na mpangilio huo wa hatua ndio siri kubwa ya mafanikio yake. Mwaka 2000 Apple ilinunua SoundJam MP, kicheza cha kompyuta za Macintosh kilichoandikwa na Jeff Robbin na wenzake, ikakipunguza vitufe, ikakitoa Januari 2001 kwa jina la iTunes. Miezi tisa baadaye, tarehe 23 Oktoba 2001, ikatangaza iPod: gigabaiti 5, nyimbo 1,000, dola 399. Vicheza vyenye diski kubwa zaidi vilikuwepo tayari. Nomad Jukebox ya Creative, kampuni ya Singapuri, ilikuwa na gigabaiti 6 mwaka mmoja kabla. Lakini Nomad ilikuwa na ukubwa wa kicheza CD na iliunganishwa kwa waya wa USB wa wakati huo, uliopitisha biti milioni 12 kwa sekunde, ilhali waya wa FireWire wa iPod ulipitisha milioni 400. Tofauti hiyo ilikuwa kati ya kuijaza maktaba yote kwa saa nyingi na kuijaza kwa dakika kumi.

Ndani ya iPod ya kwanza kulikuwa na diski ya Toshiba yenye kipenyo kisichofika inchi mbili, na kando yake memori ya megabaiti 32. Diski haikuzunguka wakati wote. Iliamka, ikaimwagia memori muziki wa kama dakika 20, ikalala, na msikilizaji aliyeinamisha kichwa karibu na chombo aliweza kuisikia ikiamka tena kwa mlio hafifu wimbo wa nne au wa tano ulipokaribia. Usingizi huo ndio uliorefusha maisha ya betri, na ndio uliomruhusu mtu kukimbia nacho bila nyimbo kurukaruka.

Ujanja wa mlango ulikuwa wa kimyakimya zaidi. iPod ilifungua MP3 bila masharti, wala haikusimba upya wala kuhesabu nakala, lakini haikutafuta nyimbo katika diski yake. Ilisoma faili moja ya orodha, iTunesDB, iliyoandikwa na iTunes peke yake. Nyimbo zenyewe zilihifadhiwa katika folda iliyofichwa, na katika matoleo ya baadaye ziliondolewa majina na kupewa herufi nne zisizo na maana. Mtu aliyeichomeka iPod ya rafiki yake kwenye kompyuta aliona diski iliyo kama tupu. Aliyenakili faili ndani yake kwa mkono alizikuta hazichezi, kwa kuwa hazimo katika orodha. Na aliyeiunganisha na iTunes ya kompyuta nyingine aliulizwa kwa upole kama angependa yote yaliyomo yafutwe. Sony iliweka askari mlangoni mwenye daftari; Apple ilijenga nyumba ambayo mlango wake mmoja tu ndio unaoonekana. Wateja walimchukia askari na wakaisifia nyumba, ingawa kazi ya vyote viwili haikutofautiana sana.

Tarehe 28 Aprili 2003 mlango huo ukapata duka. iTunes Music Store ilifunguliwa Marekani na nyimbo 200,000 kwa senti 99 kila mmoja, na milioni ya kwanza iliuzwa ndani ya wiki. Nyimbo zake zilisimbwa kwa AAC, kodeki iliyokamilishwa mwaka 1997 na Fraunhofer, AT&T, Dolby na Sony, isiyobeba chujio la masafa lililoilemea MP3; juu yake Apple ikaweka kufuli lake liitwalo FairPlay. Oktoba mwaka huo iTunes ikaingia Windows. Kampuni ya RealNetworks ilipojaribu mwaka 2004 kuuza nyimbo zinazokubalika na iPod bila idhini, Apple ilibadilisha programu ya ndani ya chombo na nyimbo hizo zikanyamaza. Microsoft nayo ilizikusanya kampuni nyingi chini ya mpango wa kufuli la pamoja, kisha mwaka 2006 ikatoa kicheza chake, Zune, ambacho hakikuutambua mpango huo. Washirika wake wakabaki wameshika funguo za nyumba iliyobomolewa. Zune yenyewe inakumbukwa zaidi kwa siku moja, 31 Desemba 2008, siku ya 366 ya mwaka mrefu, ambapo hesabu ya tarehe katika toleo lake la gigabaiti 30 ilikwama ikizunguka bila kikomo na vyombo vyote vya aina hiyo vikazima hadi mwaka mpya ulipoingia.

Wakati kampuni zikigombea mlango, vijana watatu wa Sweden waliamua kuubadilisha kwa ndani. Mwishoni mwa mwaka 2001 Björn Stenberg, Daniel Stenberg na Linus Nielsen Feltzing, walioudhishwa na programu ya kicheza cha Archos Jukebox cha Ufaransa, waligundua kwamba chombo hicho, kila kinapowashwa, hutafuta katika diski yake faili ya programu mpya na kuiendesha kikiipata. Faili hiyo ilikuwa imevurugwa ili isisomeke. Wakaifumbua, wakaandika yao kutoka mwanzo, wakaiita Rockbox. Kichakato cha Archos kilikwenda kwa megahezi 12 tu na kilitegemea chipu maalumu ya kufungulia MP3, kwa hiyo mwanzoni kazi yao ilikuwa ya menyu na orodha. Ilipofika iriver H100 ya Korea, yenye kichakato kinachoweza kufungua kodeki kwa programu, Rockbox ikageuka kitu kingine: Vorbis, FLAC na nyingine nyingi ziliandikwa upya kwa namba kamili, kwa kuwa vichakato vile havikuwa na uwezo wa kuhesabu desimali kwa haraka. Rockbox haikuhitaji programu-wenza; nyimbo zilinakiliwa kama faili yoyote, na folda ndiyo ilikuwa orodha. Jambo lake la heshima zaidi huenda ni menyu zinazosema. Kila amri ilitamkwa kwa sauti iliyotayarishwa mapema, na wasioona, waliokuwa wameuziwa vioo laini visivyo na maana kwao, wakapata kicheza wanachoweza kukitumia bila kumwomba mtu.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia yake, na programu-wenza haikupata mizizi huku. Sababu ni nyepesi: programu-wenza hudhani kila msikilizaji ana kompyuta yake, kadi ya benki na intaneti isiyokatika. Kaseti ilifuatwa na CD za mitaani zilizojazwa MP3, ambazo diski moja ya megabaiti 700 ilibeba nyimbo zaidi ya 150, kisha zikaja simu za bei nafuu zenye nafasi ya memori kadi, pamoja na redio na sabufa zenye tundu la flashi. Kompyuta ilikaa kibandani, katika mitaa ya biashara kama Kariakoo au River Road, na mwenye kibanda ndiye aliyekuwa programu-wenza: mteja alitaja taarab, bongo fleva, kaswida au rumba, akalipa, akarudishiwa kadi iliyojaa. Vyombo hivyo vya bei nafuu vilifungua MP3 na pengine kodeki moja nyingine tu, na vingi havikupanga nyimbo kwa alfabeti bali kwa mfuatano ule zilivyoandikwa kwenye kadi, hivyo anayetaka wimbo fulani utangulie safarini ilimbidi aunakili kwanza. Kutoka simu hadi simu nyimbo zilirushwa kwa bluetooth, bila mlango wala askari, na bila senti kumfikia aliyeimba. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chama cha kuisimamia, COSOTA, lakini memori kadi yenye ukubwa wa ukucha si bidhaa ambayo mkaguzi anaweza kuibandika stika.

Kufuli za nyimbo zinazouzwa zilianza kufunguliwa na wenyewe waliozidai. Februari 2007 mkuu wa Apple, Steve Jobs, alichapisha barua ya wazi akizitaka kampuni za muziki ziruhusu nyimbo ziuzwe bila ulinzi. Mojawapo ya kampuni hizo, EMI, ilikubali miezi miwili baadaye, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba kampuni nyingine kubwa zote zimefuata. Wasomi wa biashara wameeleza kwa usahihi kwamba kampuni hizo zilikuwa zimetambua jambo chungu: kufuli walilolidai dhidi ya wezi lilikuwa limewafunga wao wenyewe ndani ya duka la Apple, kwa sababu hakuna muuzaji mwingine aliyeweza kuuza wimbo wenye ulinzi kwa mwenye iPod. Fraunhofer ilisimamisha mpango wake wa leseni za MP3 Aprili 2017, hataza zikiwa zimekwisha muda. iTunes ilivunjwa vipandevipande kwenye Macintosh mwaka 2019, na Mei 2022 Apple ikatangaza mwisho wa iPod.

Kodeki iliyopanda jukwaani baadaye ni Opus, iliyokubaliwa kuwa kiwango Septemba 2012 kwa kuunganisha kazi ya Skype ya kubana maongezi na kazi ya kundi la Montgomery ya kubana muziki. Ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaopita kwenye waya na minara ya simu kama Seitzer alivyotaka kupitisha muziki. Imefika pia mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Wapo mafundi wa kujifurahisha wanaozifungua iPod za mwaka 2005, wakatoa diski inayozunguka, wakaweka memori kadi mahali pake, wakabadilisha betri na kusakinisha Rockbox. Na chombo hicho, kilichotengenezwa miaka saba kabla ya Opus kukubaliwa, huzicheza faili zake zikiwa zimenakiliwa kwa mkono na majina yake yote yakisomeka.